Kikao cha familia, polisi, amri ya mahakama au nyumba salama: ipi kwa hali ipi?

Mwanamke anayepigwa akiwaomba ushauri watu wanne, atarudi na njia nne. Mama yake atamwambia waitwe wazee wakae kikao. Rafiki yake atamwambia aende polisi. Mwanasheria atamwambia waombe amri ya ulinzi mahakamani. Na yule aliyewahi kupigwa mwenyewe atamuuliza kwanza: leo unalala wapi?

Wote wanne wanaweza kuwa na nia njema, na kila mmoja anaweza kuwa sahihi, ila si kwa usiku uleule. Njia hizi huzungumzwa kana kwamba ni vidato vya ngazi moja: uanze cha chini, ukishindwa upande cha juu. Sivyo zilivyo. Kila moja ilizaliwa kwa wakati wake, ikabuniwa na watu waliokuwa na hofu zao, na hadi leo hulinda kwanza kile ilichoundwa kukilinda. Kikao hulinda ndoa. Polisi hulinda sheria. Amri ya mahakama hulinda umbali kati ya watu wawili. Nyumba salama hulinda usiku wa leo. Anayelijua hilo haendi kwa wazee kudai kile ambacho wazee hawana, wala hamlaumu hakimu kwa kazi ambayo si yake.

Nitasema "mke" na "mume" kwa kuwa ndivyo mambo yalivyo mara nyingi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kulazimishwa kingono, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mwenza wake. Mwanaume anayepigwa na mkewe, au watu wanaoishi pamoja bila ndoa, njia zao ni hizi hizi, ingawa wao wanaweza kukutana na kicheko mlangoni kabla ya kukutana na msaada.

Pima hatari kabla ya kulinganisha chochote

Katika miaka ya 1980 muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga orodha ya maswali ya kumsaidia mwanamke apime kama maisha yake yako hatarini. Maswali yenyewe ni mepesi kuyaelewa. Je, amewahi kukukaba shingo? Ana bunduki au anaweza kuipata? Ametishia kukuua? Anakufuatilia kila uendako? Alikupiga ukiwa mjamzito? Anakulazimisha tendo la ndoa? Umemwacha, au umemwambia kwamba utamwacha?

Swali la shingo ndilo watu wengi hulipita haraka, kwa sababu kukabwa mara nyingi hakuachi alama, na mwanamke mwenyewe husema "alinishika tu hapa". Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye, akilinganishwa na mwanamke anayepigwa bila kukabwa. Bunduki nayo, katika tafiti za Marekani, iliongeza hatari ya kifo takribani mara 5. Kwa hiyo kama jibu ni ndiyo kwa shingo, silaha au tishio la kuua, futa kikao kwenye orodha. Huko si kuwadharau wazee. Kikao humpa mume taarifa kwamba mke anajiandaa kuondoka, na siku za kuondoka ndizo za hatari kuliko zote.

Kikao cha familia na polisi

Kikao ndiyo njia kongwe kuliko zote. Kurani, katika aya ya 35 ya Suratun Nisaa, inaagiza kwamba ukihofiwa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Tazama hesabu yake: mmoja kwa mmoja. Vikao vingi ninavyovijua mimi havina hesabu hiyo. Hukaa wanaume sita na mwanamke mmoja, na wanne kati ya hao sita ni wa upande wa mume.

Kina faida zake, na wanaokibeza moja kwa moja huwa hawajawahi kuhitaji msaada siku ya sikukuu ofisi zikiwa zimefungwa. Kikao ni bure. Kinaweza kuitishwa jioni ileile. Hakidai fomu wala hati ya kiapo. Na kina silaha moja ambayo polisi hawana: aibu. Yupo mume ambaye korokoroni atatoka akijigamba, lakini mbele ya baba mdogo aliyemlea hawezi kuinua uso.

Aibu, hata hivyo, hufuata upepo wa mila. Huko Uingereza zamani wanakijiji walikuwa na desturi ya kukusanyika usiku nje ya nyumba ya mtu aliyevunja maadili, wakapiga masufuria na kupuliza pembe ili kumfedhehesha. Katika karne ya 19 kelele hizo zilielekezwa sana kwa waume wanaopiga wake zao. Unaweza kudhani jamii ile iliwajali wanawake tangu mwanzo, mpaka ujue kwamba karne zilizotangulia masufuria yaleyale yalipigwa kumcheka mume aliyepigwa na mkewe. Jambo hilohilo hutokea kwenye kikao: aibu ya wazee inaweza kumwangukia mume, na inaweza kumwangukia mke aliyetoa siri nje.

Udhaifu wa pili ni swali linalofungua mazungumzo. Kikao hakiulizi "nani amekosa?" Kinauliza "tuwarudisheje pamoja?" Ndipo mke huulizwa alimfanya nini mwenzake hadi akafika huko, mume huomba radhi, mke huambiwa asamehe, na wote huondoka bila karatasi wala adhabu iwapo kipigo kitarudi. Methali zetu zenyewe zimelikalia hilo: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mashauriano huwafaa watu wawili wanaoweza kusemezana bila woga. Mmoja akiwa anaogopa kurudi nyumbani na mwenzake baada ya kikao, anachosema pale si maoni yake. Ndiyo maana Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, ule wa Baraza la Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, katika kifungu cha 48, unazitaka nchi zilizouridhia zipige marufuku usuluhishi wa lazima katika kesi za ukatili huu. Neno zito hapo ni "lazima". Mwanamke anayetaka kikao kwa hiari yake hajakatazwa.

Sasa polisi. Historia yao katika jambo hili ni ya watu waliochelewa sana. Sheria yenyewe ilianza kusema mapema: koloni la Massachusetts, ambalo leo ni jimbo la Marekani, liliandika mwaka 1641 kwamba mke asipigwe na mumewe, isipokuwa mume anajikinga. Lakini zaidi ya miaka 100 baadaye mwanasheria wa Uingereza, William Blackstone, alikuwa bado anaandika kuhusu haki ya kale ya mume kumrudi mkewe kwa kiasi, haki ambayo kwa maneno yake ilikuwa imeanza kutiliwa shaka. Mwaka 1871 mahakama za majimbo ya Alabama na Massachusetts zilitamka kwamba haki hiyo haipo tena.

Kisha ikaja hukumu ya North Carolina ya mwaka 1874, ambayo kwangu ndiyo inayoeleza mambo yote yaliyofuata. Majaji walikubali kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe. Katika pumzi hiyohiyo wakasema kwamba pasipokuwa na jeraha la kudumu, chuki wala ukatili wa hatari, ni afadhali kuvuta pazia, macho ya watu yasione ndani, na wawili hao waachwe wasahau na kusameheana. Kwa hiyo kosa lipo, ila pazia limevutwa. Tangu hapo nchi nyingi zimekuwa na sheria nzuri na pazia zito. Tanzania, kwa mfano, ilitamka katika kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Kifungu ni kifupi na hakina utata. Hata hivyo, mtu anaweza kukisoma chote na bado akafika kaunta ya kituo akaambiwa arudi nyumbani wakayamalize.

Pazia lilianza kuchanwa kwa kesi. Mjini Torrington, katika jimbo la Connecticut, Tracey Thurman aliripoti mara nyingi vitisho vya mume waliyetengana naye, na mwaka 1983 mume huyo akamchoma kisu mara kadhaa, na akaendelea kumshambulia hata askari alipokwisha kufika. Aliushtaki mji, na mwaka 1985 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likaamuru alipwe dola milioni 2.3. Idara za polisi zilisoma tarakimu hiyo kwa makini kuliko zilivyowahi kusoma kifungu chochote cha sheria.

Je, kukamatwa kunasaidia kweli? Hapa tuna jaribio adimu. Mwaka 1981 na 1982 polisi wa mji wa Minneapolis, Marekani, wakiongozwa na watafiti Lawrence Sherman na Richard Berk, walipangiwa kwa bahati nasibu la kufanya kila walipokuta kipigo kisicho kikubwa: kumkamata mpigaji, kuwashauri wote wawili, au kumwondoa mpigaji nyumbani kwa saa chache. Katika matukio 314, kumbukumbu za polisi za miezi 6 zilionyesha waliokamatwa walirudia kwa asilimia 10, walioshauriwa kwa asilimia 19, walioondolewa kwa muda kwa asilimia 24. Miji mingi ikabadili kanuni zake haraka. Kisha jaribio likarudiwa katika miji mingine, na majibu yakachanganyika. Milwaukee na Omaha walikuta kwamba kukamatwa kuliwatuliza wanaume wenye kazi, lakini miongoni mwa wasio na kazi ukatili uliongezeka.

Kwa anayechagua, tafsiri yake ni hii: polisi wana nguvu kwa mtu mwenye cha kupoteza. Mume mwenye kazi, jina na leseni ya kulinda, korokoro la usiku mmoja humtikisa. Asiye na lolote la kulinda anaweza kurudi kesho yake na hasira mpya. Kwa hiyo kabla ya kuripoti uliza kituoni jambo moja ambalo watu husahau: akipewa dhamana, nitajulishwa na nani, na saa ngapi?

Jambo jingine ni umiliki wa kesi. Kikao unaweza kukivunja kwa kusimama na kuondoka. Shauri la jinai si lako, ni la serikali. Ukitaka kulifuta unaweza kukuta huwezi, na wakati huohuo linaweza kujikokota hadi ukachoka. Maria da Penha wa Brazil alipigwa risasi na mumewe mwaka 1983 akiwa usingizini, akapooza miguu. Mume alikuja kufungwa mwaka 2002, baada ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika kuikosoa Brazil mwaka uliotangulia. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2006 inaitwa kwa jina la mama huyo. Ni heshima kubwa, ila karibu miaka 20 ni mingi mno kwa mtu anayesubiri.

Na sheria hurudi nyuma pia. Urusi mwaka 2017 iliondoa kwenye jinai kipigo cha mara ya kwanza ndani ya familia kisichoacha jeraha kubwa, kikawa kosa dogo la faini au siku chache za mahabusu. Usichukulie kwamba unachokijua kuhusu sheria ya nchi yako bado ndicho kilichoandikwa.

Polisi na amri ya ulinzi

Hizi mbili huchanganywa sana, na tofauti yake ni ya wakati. Kesi ya polisi hutazama nyuma: ilitokea nini, nani ashuhudie, adhabu gani. Amri ya ulinzi hutazama mbele: nini kisitokee tena. Kwa kuwa kwa kawaida ni ya madai, kiwango cha ushahidi huwa chini kuliko cha jinai, na hakimu anaweza kutoa amri ya muda kwa kukusikiliza wewe peke yako, kisha akampangia mwenzako tarehe ya kujieleza.

Zamani njia hizi zilikuwa zimefungwa pamoja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1878 ilimruhusu hakimu kumpa mke haki ya kuishi mbali na mumewe, matunzo, na hata watoto wadogo, lakini baada ya mume kutiwa hatiani kwa shambulio kubwa. Kwa maneno mengine, ilibidi kwanza uumie vya kutosha. Na mke aliyethibitika kuzini hakupata kitu, hata kama mbavu zake zilivunjwa. Ilichukua hadi mwaka 1976 Uingereza na jimbo la Pennsylvania kutunga sheria zilizoruhusu amri bila kusubiri hukumu ya jinai. Afrika Kusini ilifanya jambo la werevu mwaka 1998: amri ya ulinzi hutolewa pamoja na hati ya kumkamata mume, hati ambayo imesimamishwa na hubaki mikononi mwa mke. Akikiuka masharti, mke haanzi upya. Anaipeleka hati kwa askari. India ilipata sheria yake mwaka 2005, Uganda 2010, Kenya 2015, China ikaanza kutumia yake mwaka 2016. Ukiwa katika nchi yenye sheria ya aina hii, uliza hasa hilo: akikiuka, ninampelekea nani karatasi hii, na anatakiwa kufanya nini?

Amri inaweza kubeba mambo ambayo kesi ya jinai haiyagusi: asikaribie nyumba wala kazini, asipige simu, asalimishe silaha, atoe matunzo, watoto wakae na nani kwa sasa. Hapo ndipo inapomfaa zaidi mwanamke ambaye hapigwi lakini amefungwa. Simu inakaguliwa, mshahara unachukuliwa, ruhusa inaombwa hata ya kwenda kwa mama yake. Kaunta ya polisi huuliza "umeumia wapi?" na yeye hana pa kuonyesha. England na Wales ziliufanya utawala wa aina hiyo kuwa kosa la jinai mwaka 2015, kifungo hadi miaka 5, ila nchi nyingi hazijafika huko, na amri ya madai ndiyo mlango uliopo.

Lakini ni karatasi, na karatasi humzuia anayejua kuogopa. Mwaka 1999 katika mji wa Castle Rock, Colorado, mama mmoja mwenye amri halali aliwapigia polisi simu mara kwa mara jioni nzima kwamba baba amewachukua mabinti zao watatu. Hawakumtafuta. Alfajiri watoto walikutwa wamekufa ndani ya gari la baba yao, nje ya kituo kilekile cha polisi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba amri ile haikumpa mama haki ya kikatiba ya kudai polisi waitekeleze. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilisema kinyume mwaka 2011, ikaona Marekani imekiuka haki zake na za watoto wake. Mwenye amri, basi, bado anahitaji mahali ambapo mume hapajui, angalau kwa wiki za mwanzo.

Uondoke wewe au aondoke yeye?

Kukimbilia mahali salama si jambo geni. Huko Kamakura, Japani, hekalu la Tokei-ji lililoanzishwa mwaka 1285 lilikuja kuwa kimbilio la wake: aliyeingia humo akakaa miaka 3, baadaye ikapunguzwa ikawa 2, alihesabika ameachana na mumewe. Nimelipenda hekalu hilo kwa sababu liliunganisha mambo ambayo sisi leo tunayatafuta katika ofisi nne: kitanda, ukuta, na karatasi ya talaka.

Nyumba salama za kisasa zinahesabiwa tangu mwaka 1971, Erin Pizzey alipofungua nyumba huko Chiswick, London. Ilikuwa mahali pa wanawake kukutana na kuzungumza. Wakaanza kufika wenye majeraha, wakakataa kurudi. Mwaka 1974 zikafuata za St. Paul huko Minnesota, Amsterdam, na Sydney, ambako wanawake walivunja kufuli za nyumba tupu wakaingia. Mwaka uliofuata kamati ya Bunge la Uingereza ikapendekeza nafasi moja ya familia kwa kila watu 10,000. Ukitaka kujua kama nchi yako inalichukulia jambo hili kwa uzito, fanya hesabu hiyo.

Nguvu ya nyumba salama ni siri. Hapajulikani, pana watu wanaojua kukusikiliza bila kushangaa, na mara nyingi pana mtu wa kukuongoza hadi mahakamani. Gharama yake nayo ni kubwa kuliko matangazo yanavyosema. Watoto huacha shule katikati ya muhula. Kazi hupotea. Nyumba nyingi hazipokei mvulana aliyeanza kubalehe, na mama hulazimika kumgawa mwanawe kwa ndugu. Muda una ukomo. Na yule aliyepigwa ndiye anayehamahama, aliyepiga amebaki na kochi na televisheni.

Hilo la mwisho ndilo lililoisukuma Austria kutunga sheria iliyoanza mwaka 1997: askari anayefika anaweza kumtoa mpigaji nyumbani palepale na kumkataza kurudi, hata kama nyumba ni yake kwa hati. Leo katazo hilo hudumu wiki 2, muda wa kuomba amri ndefu zaidi mahakamani. Ujerumani ikafuata mwaka 2002 kwa kanuni inayosemeka kwa pumzi moja: anayepiga ndiye anayeondoka. Ukilinganisha, kumtoa yeye hulinda shule, kazi na kitanda cha watoto. Kuondoka wewe hulinda siri ya uliko. Kwa mume anayeogopa sheria ningechagua la kwanza bila kusita. Kwa mume aliyekwisha kukaba shingo, anwani anayoijua ni hatari hata kama mlango umebadilishwa kufuli.

Nyumba ya ndugu iko katikati. Ni bure na ina upendo, lakini ndipo atakapokutafuta kwanza, na mwenye nyumba anaweza kuchoka, au akaitisha kile kikao ulichokikimbia.

Kumrekebisha, au kumalizana

Hapa nitapita haraka. Programu za kuwafunza wanaume kuacha kupiga zipo, na mfano unaoigwa zaidi ulianza Duluth, Minnesota, mwaka 1981. Matokeo yake ni ya wastani, na hufaa zaidi zikiunganishwa na mahakama inayofuatilia mahudhurio. Kama ndiyo ahadi anayokupa, msubiri ukiwa unaishi kwingine. Pombe nayo huongeza ukali wa kipigo, lakini mlevi asiyewahi kumpiga bosi wake anajua vizuri anayempiga.

Talaka humaliza ndoa. Haimalizi ukatili kwa siku inayotolewa. Ilikuwa ngumu kwa makusudi: sheria ya Uingereza ya mwaka 1857 ilimruhusu mume kuomba talaka kwa uzinzi wa mke peke yake, ilhali mke alitakiwa athibitishe uzinzi wa mume pamoja na kosa jingine kama ukatili au kutelekezwa. Leo milango ni mipana zaidi karibu kila mahali. Iombe ukiwa umekwisha kupata usalama, usiitumie kuutafuta.

Ukinibana nichague

Ikiwa ni kofi la kwanza, mume ameshtuka mwenyewe na ana watu anaowaheshimu, na wewe una kipato na pa kwenda, kikao kinaweza kutosha. Ila chagua wewe nani akae, awepo angalau mmoja anayekuamini, yaandikwe yaliyokubaliwa, na kisiwepo kikao cha pili kwa kosa lilelile.

Kipigo cha kurudiarudia kutoka kwa mtu mwenye kazi na jina: polisi na amri ya ulinzi kwa pamoja, wiki ileile, na uombe atolewe yeye nyumbani kama sheria inaruhusu. Kwa mtu asiye na cha kupoteza, geuza mpangilio: nyumba salama kwanza, amri ukiwa huko, na polisi wapate taarifa akiwa hajui uliko. Asiyepigwa lakini amefungwa, aanze kwa msaada wa kisheria na daftari la tarehe, lililofichwa mbali na nyumba. Shingo, silaha, au tishio la kuua: ondoka bila kuaga, bila kubishana, bila ujumbe wa mwisho, na simu yako ichukuliwe kama simu yake mpaka itakapothibitika vinginevyo.

Njia zote, hata kikao, zitakuuliza ushahidi. Karatasi ya daktari ya siku ileile ina uzito kuliko mashahidi watatu wa mwezi uliofuata. Mwambie daktari umepigwa na nani. Wengi husema wameanguka, na neno hilo husomwa mahakamani miaka miwili baadaye. Kama ulikabwa, liseme hata kama shingo haina alama, kwa kuwa uvimbe wa ndani unaweza kuja saa nyingi baadaye. Picha zitumwe kwa mtu mwingine kisha zifutwe kwenye simu yako.

Na kama wewe ndiye uliyegongewa mlango usiku, usianze na njia unayoipenda. Muulize kama amewahi kukabwa, watoto wako wapi sasa hivi, na nani anajua amekuja kwako. Mpe maji. Mume akipiga simu kukuuliza, wewe hujamwona.